Fundi ataka mifuko 90, shemeji asema 45: jamvi langu linahitaji saruji kiasi gani?

Salamu, Mshauri.

Nakuandikia kwa sababu zege limeshaleta maneno kwenye ndoa yangu hata kabla halijamwagwa. Tunajenga Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Ni nyumba ya chini: vyumba vitatu, sebule, jiko na baraza. Mume wangu yuko kazini Muscat, hela ya ujenzi huituma kidogo kidogo, na mimi ndiye ninayesimamia saiti huku nafundisha shule ya msingi. Msingi umekwisha, kifusi kimejazwa, sasa tumefika kwenye jamvi, yaani zege la sakafu.

Fundi ameniletea hesabu ya mifuko 90 ya saruji kwa jamvi peke yake. Nikamtumia mume wangu, naye akampigia mdogo wake aliyewahi kujenga Morogoro. Shemeji akajibu kwamba mifuko 45 inatosha. Tangu siku hiyo simu za Muscat zimekuwa nzito. Mume wangu hajatamka kwamba nakula na fundi, lakini ameshaniuliza zaidi ya mara moja, "Hiyo mingine 45 inakwenda wapi?" Fundi naye nilipomuuliza alinuna. Akasema ameanza kumwaga zege mimi nikiwa bado nasoma, na kama simwamini nitafute mwingine.

Vipimo ni hivi: urefu mita 11, upana mita 9, ila kona moja ya mbele imekatwa mita 3 kwa 2. Kuta za nje jumla mita 40, za ndani mita 32, zote tofali za inchi 6. Baada ya jamvi kuna mkanda wa juu (boriti ya zege inayopita juu ya kuta) na nguzo nne za baraza, kila moja sentimita 23 kwa 23, urefu mita 3. Mume wangu anataka pia tangi la lita 2,000 likae juu ya bafu, kwenye slabu ndogo, yaani bamba la zege lenye nondo.

Muuza duka la vifaa ananiambia ninunue saruji ya 42.5 kwa kila kitu, eti 32.5 ni ya plasta tu. Jirani ananishauri niachane na mafundi, niagize gari la zege lililochanganywa tayari. Mimi nimebaki katikati. Nani anasema kweli, na nimjibu nini mume wangu?

Mwalimu, Chanika

*

Mwalimu, pole kwa hayo ya simu, na hongera kwa kufika kwenye jamvi kwa hela ya kudunduliza.

Nimekaa na vipimo vyako nikapiga hesabu, na nataka nikutoe wasiwasi mapema: inawezekana kabisa fundi na shemeji wote wawili wamehesabu sawasawa. Kila mmoja amehesabu zege lake. Mtu akikutajia idadi ya mifuko bila kukutajia unene na uwiano, hajakuambia kitu, hata kama ana miaka thelathini kazini.

Tuanze na eneo. Mita 11 mara 9 ni mita za mraba 99. Toa ile kona ya 3 kwa 2, zinabaki 93. Jamvi la nyumba ya chini ya kuishi, juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, hutosha likiwa na unene wa sentimita 10. Zidisha 93 kwa 0.10, unapata mita za ujazo 9.3. Kifusi hakiwi bapa kama meza na zege fulani hupotea njiani, kwa hiyo chukua 10 kamili.

Sasa saruji. Vifaa vikichanganywa ujazo hupungua, kwa kuwa mchanga huingia kwenye nafasi za kokoto na saruji huingia kwenye nafasi za mchanga. Ili upate mita moja ya ujazo ya zege lililoshindiliwa, unahitaji takriban mita 1.54 za vifaa vikavu. Kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne, unagawa 1.54 kwa 7 na kupata 0.22 ya saruji. Saruji ina uzito wa kilo 1,440 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hizo ni kilo 317, au mifuko 6.3 ya kilo 50. Mara 10, ni mifuko 63. Nunua 65.

Tazama sasa hizo namba mbili zilizowagombanisha. Ukichukua eneo lako lilelile la mita 93, ukaweka unene wa sentimita 15 badala ya 10 kwa uwiano huohuo wa 1:2:4, unapata mifuko 88, bila kuongeza ya upotevu. Fundi amesema 90. Ukirudi kwenye sentimita 10 lakini ukatumia uwiano wa 1:3:6, ambao hula mifuko 4.4 kwa mita ya ujazo, kwa zile mita 10 za ujazo unapata 44. Shemeji amesema 45. Siwezi kuapa kwamba ndivyo walivyohesabu, lakini namba zinakaribiana mno. Huyu amepanga jamvi nene kuliko unavyohitaji, na yule amepanga zege hafifu, lile la kutandaza chini ya msingi kabla ya kuanza kujenga. Hilo la shemeji lisingekufaa. Sakafu ingekuwa inatoa vumbi na kumomonyoka kila unapofagia.

Kwa hiyo ukirudi saiti, usimuulize fundi kwa nini mifuko ni mingi. Swali hilo linamwita mwizi, na ndiyo maana alinuna. Muulize hivi: "Fundi, jamvi umelipanga unene gani, na uwiano gani?" Ni swali la kazi, na fundi wa kweli hufurahi kuulizwa. Akikujibu inchi 6, yaani zile sentimita 15, muulize sababu. Wengi huongeza unene kwa kuwa hawakiamini kifusi kilicho chini, na hapo anaweza kuwa na hoja nzito kuliko hesabu yangu yote. Kifusi kilichomwagwa mara moja kikasawazishwa kwa jembe kitatitia, na jamvi likiachwa linaning'inia litapasuka liwe la inchi 4 au 6. Dawa yake ni kukishindilia kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kila tabaka likimwagiwa maji kiasi, kwa kompakta (mashine ya kushindilia) ya kukodi kama inapatikana. Kama chako kilijazwa chote kwa mpigo, ni bora ufukue na kushindilia upya. Kazi hiyo italipwa na ile mifuko 25 utakayookoa. Kisha weka dawa ya mchwa na tandaza nailoni nzito, ndipo zege lije.

Mchanga na kokoto ndipo hela nyingi zinapovuja kimyakimya. Kwa mita 10 za zege la 1:2:4 unahitaji mchanga mita za ujazo 4.4 na kokoto 8.8. Agiza mchanga 5 na kokoto 9.5. Usikubali kuuziwa kwa "tripu" bila kupima. Tripu ya lori hili si tripu ya lile, na ukingo wa mbao ukiongezwa au kupunguzwa kwenye bodi la gari hesabu inabadilika. Beba tepu, pima urefu, upana na kina cha bodi kwa ndani, zidisha, ndipo mjadiliane bei. Dereva akikataa kupimwa, mwache aende.

Mchanga wenyewe uujaribu. Chukua chupa inayoonyesha, weka mchanga mpaka katikati, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kwa saa tatu. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake kwa tabaka lake. Kama mchanga umefika sentimita 10 na tope limezidi milimita 8, huo si wa zege. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, hasa kwa mkanda na nguzo. Chumvi yake hula nondo kutoka ndani, na baada ya miaka michache zege huanza kubanduka vipande huku kutu ikitokeza. Kwenye kokoto, tafuta za mawe magumu, kama zinazotoka Lugoba, za ukubwa wa milimita 20. Za matumbawe ni za bei nafuu lakini zina vitundu vinavyonyonya maji, na ugumu wake hutofautiana. Kwa jamvi watu huzitumia. Kwa mkanda na nguzo, mimi nisingezikubali.

Kuhusu saruji, muuza duka amekuambia nusu ya ukweli. Namba zile, 32.5 na 42.5, ni nguvu ya chini kabisa ambayo saruji hiyo inapaswa kufikia siku ya 28 ikipimwa maabara, kwa kipimo cha newtoni kwa milimita ya mraba. Saruji ya 32.5 ikiwa na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), haijalowa na haijakaa sana ghalani, inafaa kabisa kwa jamvi lako, kwa kujengea tofali na kwa plasta. Ile ya 42.5 ihifadhi kwa ajili ya vitu vinavyobeba mzigo kwa nondo: mkanda, nguzo, slabu. Herufi inayofuata namba nayo isome. R hukomaa haraka siku za mwanzo, N huenda mwendo wa kawaida. Wewe huna haraka ya kuondoa mbao, N inakutosha. Jambo moja tu nakusihi: usimruhusu mtu akuambie "hii ni 42.5, tupunguze mifuko." Uwiano unabaki uleule. Na usichanganye aina mbili katika umwagaji mmoja.

Uwiano wa karatasini huharibikia kwenye sepetu. Saiti nyingi hupima kwa karai, moja limejaa pomoni, jingine nusu, na ikifika saa nane mchana hakuna anayekumbuka hesabu. Mwambie seremala akutengenezee sanduku la mbao lenye mikono ya kubebea, vipimo vya ndani sentimita 33 kwa 33, kina 32. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Basi kazi imekuwa nyepesi: mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, masanduku manne ya kokoto, yaliyopigwa usawa wa ukingo. Ukikosa sanduku, tumia ndoo ya lita 20: mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, kwa kila mfuko. Mchanga ukiwa na unyevu huvimba na kukudanganya, unaweza kuongezeka hata kwa robo ya ujazo wake, kwa hiyo siku hiyo ongeza kidogo kwenye kipimo cha mchanga.

Kisha maji. Hapa ndipo ningekuomba usimame mwenyewe, hata ukiomba ruhusa ya siku moja shuleni. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 hadi 27 za maji, na pungufu ya hapo kama mchanga umelowa. Vibarua hupenda zege jepesi kwa sababu linatiririka na halichoshi mgongo. Lakini maji yanayozidi yakishakauka huacha vitundu ndani, na ukitoka lita 25 ukafika 35 kwa mfuko unaweza kupoteza theluthi ya nguvu au zaidi, kwa saruji ileile uliyoilipia. Zege zuri ukilimwaga hukaa rundo na kutanuka taratibu, halikimbii kama uji. Mwekee mtu mmoja kazi ya maji, mpe ndoo yenye alama, na asiwepo mwingine wa kugusa mpira.

Gari la zege tayari ni kitu kizuri, na kwa slabu ya ghorofa ningekushauri bila kusita. Kwako wewe naona halikufai. Magari hayo mara nyingi hubeba mita za ujazo 6 hadi 8, kwa hiyo ungehitaji safari mbili, na la pili lingekuja karibu nusu tupu huku nauli ikiwa karibu ileile. Zege lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Gari likishajaa ni zito mno kwa njia za mtaani zenye mchanga, likinasa zege linagandia ndani, na tangu maji yaingie una saa moja na nusu hivi ya kulimwaga. Kodi mixa, mashine ya kuchanganyia zege, ya mfuko mmoja kwa mzunguko. Mifuko 65 ni mizunguko 65, kila mmoja kama dakika tano, yaani chini ya saa sita kama vifaa vimesogezwa karibu tangu jana yake. Anzeni alfajiri na mmalize siku hiyohiyo. Mkilazimika kukatisha, katisheni kwenye mstari ambapo ukuta wa ndani utapita, siyo katikati ya sebule.

Mkanda na nguzo zina zege tofauti, 1:1.5:3, ambalo hula mifuko 8 kwa mita ya ujazo. Kuta zako ni mita 72 jumla. Mkanda wa upana wa sentimita 15 na kimo cha 20 unatoa mita za ujazo 2.16. Nguzo nne zinatoa 0.63. Jumla 2.8, ongeza sehemu ya kumi ya upotevu, inakuja mifuko 25 ya 42.5. Usiinunue sasa. Saruji inayokaa muda mrefu hupoteza nguvu, hasa kwenye unyevu wa Pwani, hivyo nunua wiki ya kazi, uipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Siku ya kumwaga, hakikisha nondo zimekalia biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuziinua) na hazigusi mbao: sentimita mbili na nusu za zege kuzizunguka kwenye mkanda, na kuzidi hapo kidogo kwenye nguzo za nje zinazopigwa mvua.

Sasa mume wako. Ninavyoisoma barua yako, kinachomsumbua ni kwamba anatuma hela asikoona. Hilo lina dawa. Mtumie hesabu hii kama nilivyoiandika, eneo, unene, uwiano, mifuko, ili aizidishe mwenyewe huko aliko. Mtumie picha ya tepu kwenye bodi la lori. Siku ya kumwaga, chomeni vigingi vya nondo vyenye alama ya sentimita 10, na wewe pita na kijiti chenye alama ukikitumbukiza kwenye zege bichi sehemu mbalimbali, upige picha. Mifuko mitupu isichomwe wala isichukuliwe na mtu. Jioni ifungwe kumikumi na ihesabiwe mbele ya fundi. Namba ya mifuko mitupu ikilingana na hesabu, na unene ukilingana na kijiti, maneno yamekwisha, na fundi naye amelindwa dhidi ya tuhuma. Mweleze fundi mapema kwamba utaratibu huu ni wa mwenye hela aliye mbali. Shemeji naye msimdhalilishe kwenye simu. Mwambieni tu kwamba mmechagua uwiano mwingine, na kwa nini.

Baada ya kumwaga, kazi ya saruji ndiyo kwanza inaanza. Kesho yake asubuhi, zege likishakaza, zungushia kingo tuta dogo la mchanga na ujaze maji yasimame juu, au funika kwa magunia yaliyolowa. Endelea kwa siku 7 bila kukosa, na kwa kuwa umetumia 32.5 ningekwenda mpaka 14. Najua kwa wengi huko maji ni ya boza na boza ni hela. Iweke hela hiyo kwenye bajeti tangu sasa, pamoja na mifuko, maana zege lililoachwa likauke juani hupasuka nyufa nyembamba na halifikii nguvu uliyoinunua.

Limebaki tangi. Lita 2,000 ni tani mbili za maji zitakazokaa juu ya vichwa vya wanao wakioga, na hapo uniruhusu nikatae kukupa idadi ya mifuko. Slabu hiyo inahitaji mhandisi aliyesajiliwa achore nondo, unene na kuta za kuibeba, na mchoro huo mdogo auone fundi kabla hajainua kuta za bafu, kwa sababu huenda zikahitaji nguzo zinazoanzia kwenye msingi. Kwa hiyo mtafute mhandisi wiki hii, kabla jamvi halijafunika sehemu ambayo nguzo hizo zingeshukia.